Nguvu ya Kidonge na Dozi

Miongoni mwa istilahi za utabibu zinazotamkwa kila siku kwenye dirisha la dawa, na ambazo wagonjwa aghalabu huzichanganya, ni hizi mbili: nguvu ya kidonge na dozi. Katika dawa nyingi kuzichanganya huleta madhara madogo. Lakini katika dawa za kuzuia damu isigande, na hasa warfarini, ambayo hupewa wenye vali za moyo za kutengenezwa, wenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na waliopata damu iliyoganda miguuni au mapafuni, kosa hilo laweza kumpeleka mtu kwenye kiharusi au kumvujisha damu hadi kufa.

Nguvu ya kidonge ni kiasi cha dawa, kwa miligramu, kilichotiwa kiwandani katika kidonge kimoja. Dozi ni kiasi ambacho tabibu amemwamuru mgonjwa fulani akimeze kwa wakati wake. Ile ya kwanza ni sifa ya kidonge, wala haibadiliki. Ya pili ni amri juu ya mtu, nayo yaweza kubadilika kila damu yake ipimwapo. Neno nguvu lenyewe lahitaji hadhari, kwa kuwa msikilizaji hudhani kidonge cha miligramu 5 ni dawa kali ya namna nyingine, ilhali dawa ni ileile, sawa na vidonge vitano vya miligramu 1 vilivyokusanywa kuwa kimoja. Wako wanaopenda kuiita dozi kipimo. Lakini kipimo ndilo jina la uchunguzi wa damu, na mgonjwa aambiwapo kwamba kipimo chake kimepanda, hajui iwapo aongeze dawa au apunguze. Kwa sababu hiyo naona heri tubaki na dozi, neno lililokwisha kuzoeleka, na kipimo tukiachie INR, namba ya uchunguzi huo ionyeshayo jinsi damu inavyochelewa kuganda, ambayo kwa wagonjwa wengi sharti iwe baina ya 2 na 3: ikishuka chini ya hapo damu huweza kuganda, ikizidi mno huvuja.

Tazama jinsi dozi inavyojengwa. Tabibu huhesabu jumla ya wiki: mwenye vidonge vya miligramu 5 akimeza kimoja kwa siku tano, na kimoja na nusu kwa siku mbili, amepata miligramu 40. INR ikiwa chini kidogo, huongezewa nusu kidonge siku moja tu, jumla ikawa 42.5, kisha husubiriwa siku kadhaa, kwa maana warfarini huzuia ini lisiitumie vitamini K kuunda viini vya kugandisha damu, na viini vilivyokwisha kuundwa havitoweki mara moja. Na kwa kuwa mboga za majani zina vitamini K, mgonjwa hakatazwi mchicha wala kisamvu, bali huombwa ale kwa kiasi kilekile, si kula sana wiki hii na kuacha kabisa wiki ijayo.

Rangi nayo isiaminiwe peke yake. Kidonge cha waridi Uingereza ni cha miligramu 5, na Marekani ni cha miligramu 1; cheupe Uingereza ni cha nusu miligramu, na Marekani ni cha 10, yaani mara ishirini. Aliyeletewa dawa na jamaa kutoka ng'ambo, akameza kwa kufuata rangi aliyoizoea, amejitia hatarini pasi na kujua.

Kwa hiyo tabibu aandike miligramu na siku zake, asiandike "vidonge viwili" akanyamaza. Mfamasia, kila sanduku linapobadilika, asome namba iliyoandikwa juu yake mbele ya mgonjwa. Na mgonjwa, akiulizwa anameza nini, ataje miligramu, wala asimeze dozi maradufu kufidia aliyoisahau jana.