Kambare wa Mito ya Mbozi

Kambare (Clarias gariepinus) ni samaki wa maji baridi wa familia ya Clariidae. Alielezwa kitaalamu mwaka 1822 na Mwingereza William Burchell, kwa jina linalotokana na Gariep, mto wa Afrika Kusini. Vitabu vya zamani vya Afrika Mashariki humtaja kama Clarias mossambicus. Hana magamba, kichwa ni bapa na kigumu, sharubu ni nane, na pezi la mgongoni hurefuka hadi karibu na mkia.

Maji mengi ya nyanda za Mbozi, kusini-magharibi mwa Tanzania, huishia Ziwa Rukwa kwa mito ya Momba na Songwe. Songwe hii huelekea kaskazini; ile ya mpaka wa Malawi ni nyingine, nayo huingia Ziwa Nyasa. Rukwa halina mto unaotoka, na mara kadhaa limepungua na kufurika tena. Vijito vyake navyo hujaa masika, kiangazi vikabaki madimbwi.

Kambare ameumbwa kwa nchi ya namna hiyo. Juu ya matamvua, kila upande, ana chumba cha hewa chenye viungo vilivyochanua kama koliflawa na kujaa mishipa ya damu. Huibuka, akagugumia hewa, akazama tena. Hivyo huishi katika dimbwi lililooza ambamo perege wangekufa. Dimbwi likizidi kukauka, hujikokota usiku juu ya majani mabichi kwa miiba ya mapezi ya kifuani. Hata hivyo asichanganywe na kamongo, mwenye mapafu halisi: kambare hustahimili tope likiwa bado na unyevu tu.

Hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, samaki wadogo, mbegu, mizoga.

Mvua zikianza, Novemba au Desemba, kambare hupanda vijito hadi kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Dume hujikunja kuzunguka kichwa cha jike. Mayai hunata kwenye majani na kuanguliwa baada ya siku moja au mbili, bila mzazi kuyalinda. Ndiyo maana kuziba kijito chote kwa migono majira hayo ni uharibifu mkubwa: hunaswa majike wenye mayai tumboni. Kulima mabonde hadi ukingoni nako huwanyima mazalio.

Bwawani kambare hukua upesi, lakini ni nadra kuzaa mwenyewe. Wafugaji humchoma jike sindano ya homoni, mara nyingi ya tezi iliyo chini ya ubongo wa samaki mwenzake, kisha humkamua mayai kwa mkono.