Ubao, Tete na Chelewa

Mjukuu wangu anatembeza wageni Mji Mkongwe, na kinachomlisha ni Kihispania. Mwaka huu kaazimia kuwafunza lugha hiyo watoto wa mtaani kwetu Mlandege, wa darasa la pili na la tatu, jioni, hapa hapa barazani. Akanijia na karatasi ya mahitaji: ubao mweupe wa kalamu za maji, kadi za picha, bango la herufi, runinga ya ukutani. Kila kitu na bei yake pembeni.

"Shikamoo bibi. Wewe umesomesha miaka thalathini, niambie nianze kununua kipi."

Nilimwitikia marahaba, nikamwambia ainame uvunguni anitolee kitu kilichofungwa kwa khanga kuukuu. Kilikuwa ubao wangu wa chuo.

Ni kipande cha mbao, urefu wake toka kiwiko changu hadi ncha za vidole. Juu kimechongwa shingo ya kushikia, na shingoni pana tundu la kamba. Pembe moja imelika kwa kuegemezwa sakafuni kila siku. Ukiuelekeza kwenye mwanga unaona alama za wino uliokataa kutoka, herufi juu ya herufi, za kwangu na za mama yangu aliyeutumia kabla yangu.

Huku kwetu chuo ni mahali pa Qur'ani, na skuli ni ya serikali. Mimi nilitiwa chuoni sijaanza hata kung'oka meno, ukumbini kwa bibi mmoja wa hapa Mlandege. Siku hizi ukisema Mlandege watu wanafikiria maduka ya nguo na timu ya mpira. Zamani tulikuwa watu wa ng'ambo kweli kweli, ng'ambo ya mkono wa bahari uliotutenga na Mji Mkongwe, ukafukiwa kidogo kidogo mpaka ikabaki barabara, hii inayoitwa sasa ya Benjamin Mkapa. Nyumba nyingi za ng'ambo zilikuwa za udongo na makuti, lakini hukwenda mbali bila kusikia sauti za watoto wakisoma.

Vifaa vyetu viliingia vyote katika kikapu kimoja. Kwanza udongo mweupe: unauloweka, unaupaka ubao kwa kiganja, unauanika juani mpaka ukauke. Kisha wino, masizi ya koroboi yaliyokorogwa na maji na gundi ya mti. Kalamu ilikuwa tete, limekatwa mshazari kwa kisu kikali, ncha ikapasuliwa kidogo ili lishike wino. Mwisho chelewa, kijiti cha ukuti wa mnazi, cha kufuatishia herufi. Kidole hakigusi maandishi. Bibi mwalimu anaandika mstari wa juu, wewe unaandika chini yake, halafu chelewa linatembea na sauti inatembea: alifu haina kitone, be kitone kimoja chini, te vitone viwili juu. Zikija irabu tunaimba be fataha ba, be kisiri bi, be dhumu bu, mpaka wapita njia wanaitikia.

Na hapa ndipo nilipotaka mjukuu wangu asikilize. Ubao hauoshwi mpaka umehifadhi kilichoandikwa. Unasimama mbele ya bibi, unampa ubao, unasoma kwa kichwa. Ukipita, anakurudishia na kusema, "Kaoshe." Hakuna neno lililotufurahisha kama hilo. Tunakwenda kisimani tunausugua, na maji yake tunayamwaga chini ya mti, wala si njiani pa kukanyagwa na watu. Ubao mtupu ndio ulikuwa cheti. Mtoto aliyekaa siku tatu na maandishi yale yale mtaa mzima ulijua.

Baada ya ubao ulikuja juzuu ya Amma, yenye sura 37, tukaisoma kutoka Annas kurudi nyuma, maana mwishoni ndiko kwenye sura fupi. Baadaye msahafu wenyewe juu ya marufaa. Siku ya kuhitimu ilifanywa sherehe.

Sasa niseme lililopungua. Nilikuwa na miaka saba, nasoma Kiarabu bila kukwama, na sikujua hata neno moja lina maana gani. Sauti tulipewa, maana hatukupewa. Sura nilizozihifadhi ukumbini pale nilikuja kuzielewa nikiwa mtu mzima, katika tafsiri ya Sheikh Abdulla Saleh Farsy iliyotoka mwaka 1969. Naye mwenyewe alikuwa mwalimu wa skuli hapa Unguja, na nadhani aliijua njaa ile kwa kuiona kwa watoto. Namshukuru mwalimu wangu kwa yote, lakini sitaki watoto wa barazani kwetu wakae miaka ishirini kusubiri maana.

Tena herufi zile hazikutufungia mlango. Mama yangu hakuingia skuli hata siku moja, na aliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, akaweka na hesabu zake za maandazi. Ndiyo sababu serikali ya Waingereza ilipounda idara ya elimu mwaka 1907 na kutaka watoto wasomeshwe Kiswahili kwa herufi za Kirumi, wazazi wengi hawakuharakia. Waliitwa wazito wa elimu. Mimi nawaona walikuwa na hoja: watoto wao walikuwa wanasoma tayari, na skuli ile haikuwa na Qur'ani. Qur'ani ilipoingizwa katika ratiba za skuli, watoto walizidi.

Skuli nayo ilileta vyake: kibao cheusi na kijiwe chake, chati ya silabi, ba be bi bo bu, picha za ng'ombe na kuku. Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ikatangazwa kuwa bure, tukamiminika tukabanana watatu watatu kwenye dawati. Nilipokuja kuwa mwalimu, darasa langu la kwanza lilikuwa na chaki, ubao uliopasuka na mikono yangu. Nilipofundisha Kiingereza nilibeba ungo kutoka nyumbani umejaa ndimu, kijiko, khanga, kifuu. Mtoto anashika, anataja. Ungo ule ulifunza zaidi ya kitabu chochote nilichopewa.

Kuna mwanachuoni mmoja, Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, aliyeandika Muqaddima yake mwaka 1377. Mna mlango juu ya kuwasomesha watoto. Anaeleza kwamba watu wa Maghrib waliwafunza watoto Qur'ani peke yake, na watu wa Andalusi waliichanganya na mashairi, sarufi na hati. Matokeo yake, anasema, wa Andalusi waliimiliki lugha ya Kiarabu, na wale wengine hawakuimiliki. Niliposoma maneno hayo niliona ukumbi wa bibi mwalimu wangu. Na Andalusi ndiyo Hispania hiyo hiyo ya mjukuu wangu! Waislamu waliitawala sehemu kubwa au ndogo yake toka 711 hadi 1492, na waliondoka wakaacha maneno yao.

Basi tukakaa mkekani tukayatafuta. Sukari ni azúcar. Narinji ni naranja. Zaituni ni aceituna. Asumini, jazmín. Tasa tunalonawia ni ndugu wa taza, kikombe chao. Kadhi wetu ndiye alcalde wao, ingawa kwao amekuwa mkuu wa mji. Irabu zao ni zetu tano, a e i o u, kwa hiyo chati ya ba be bi bo bu inafaa kama ilivyo. Ile ñ yao ni ny yetu, na j yao ni kh ya Khamisi. Ile z, kama watu wa Madrid wanavyoitamka, ni th ya thelathini. Mtoto wa Mlandege ameshazibeba sauti hizo mdomoni toka nyumbani na chuoni.

Orodha ikafutwa, ikaandikwa upya nyuma ya karatasi ile ile. Ungo wenye sukari, narinji, asumini, zaituni na tasa la shaba. Chati ya silabi tuliyoichora kwenye karatasi ya mfuko wa saruji. Chelewa kwa kila mtoto. Runinga ingoje. Na ubao, kwa sharti la zamani: haoshi mtu mpaka asome kwa kichwa, na safari hii aseme na maana yake, au aonyeshe kitu chenyewe ungoni.

Wamejiandikisha watoto kumi na mmoja, na ubao ni huu mmoja. Kama upo wa kwenu darini au uvunguni, wa bibi au wa babu, usiutie jikoni ukawa kuni. Tuletee barazani, tunaanza Jumamosi baada ya Alasiri.