Farasi wa Stafford, Njia ya Kabambare

Oktoba 1792 meli Royal Admiral ilitia nanga Sydney ikiwa imebeba wafungwa kutoka Uingereza. Mmoja wao, Mary Haydock, alikuwa na umri wa miaka kumi na mitano hivi. Alikuwa amekamatwa akiwa na farasi wa wizi, amevaa kiume na kujiita James Burrow, na mahakama ya Stafford ikamhukumu miaka saba ng'ambo. Tuseme alikuwa na bahati, kwani hadi 1832 sheria iliruhusu mwizi wa farasi anyongwe. Baina ya 1788 na 1868 watu wapatao 162,000 walipelekwa Australia kwa makosa ya kila aina, mengi yakiwa wizi mdogo.

Kasongo, mashariki mwa Kongo, hapakuwa na farasi wa kuibwa. Mbung'o hawakuwaacha waishi, na pembe za ndovu zilisafiri mabegani mwa watu. Kutoka mji huo wa Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, njia ilielekea mashariki, ikapita Kabambare, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Ujiji, Tabora na pwani. Katika misafara ya karne ya 19 walikuwamo wapagazi wa ujira, watu wa bunduki, wake, na pia mateka waliokamatwa katika vijiji vya Maniema. Hao mateka ndio ninaowaweka kando ya wafungwa wa Sydney, ingawa ulinganisho wenyewe unachechemea: mfungwa alisomewa shitaka na kupewa muda, mateka hakuwa na shitaka, wala hakuna aliyemwambia atarudi lini.

Lakini tofauti inayonishughulisha zaidi ni ya karatasi. Mfungwa wa Kiingereza aliandikwa jina, kosa, meli na miaka yake. Daftari hizo zilitunzwa vizuri hata UNESCO ikaziingiza mwaka 2007 katika Kumbukumbu ya Dunia. Kwa vizazi kadhaa familia za Australia zilificha babu wa aina hiyo. Leo wajukuu wanamtafuta kwa fahari, na wanampata. Mary mwenyewe aliolewa na Thomas Reibey, akawa mjane mwenye meli na maghala, na sura yake imo katika noti ya dola 20.

Aliyepitishwa Kabambare hakuandikwa popote. Mjukuu wake wa Ujiji au Bujumbura hawezi kutaja siku, kijiji, wala msafara. Alichonacho ni jina Mmanyema, linalowakusanya Wabangubangu wa Kabambare, Wakusu na Wazimba wa Kasongo, na wengine ambao nyumbani hawakujihesabu kuwa watu wamoja. Nisieleweke kwamba huo ni ufukara mtupu. Walijenga undugu mpya, wakawa watu wa mjini na wa dini. Dar es Salaam, Kariakoo, upo Msikiti wa Manyema. Australia wafungwa nao walizaa taifa, ila lilisimama juu ya ardhi ya Wagadigal, wenyeji wa Sydney, na wenzao, walionyang'anywa. Wamanyema wa Ujiji hawakuwa mkono wa dola yoyote iliyotaka kuwafuta wenyeji.

Kisha karatasi ikafika Kasongo pia. Majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliuteka mji Aprili 1893, na Kabambare Januari 1894. Chini ya Wabelgiji, amri ya tarehe 5 Julai 1910 iliruhusu utawala kumhamisha Mwafrika aliyedhaniwa kuhatarisha utulivu na kumlazimisha kukaa mahali alipopangiwa. Hapa mpangilio unageuka: hati ipo, saini ipo, kosa halipo. Uingereza ilimwadhibu mtu kwa alichotenda, hata kama ni farasi mmoja. Kongo ya Wabelgiji ilimwadhibu kwa alichoogopewa kutenda. Wafuasi wa mhubiri Simon Kimbangu, aliyehukumiwa Thysville mwaka 1921, walihamishwa kutoka Kongo ya Chini na kutawanywa mikoa ya mbali. Serikali ilikusudia kuizima imani yao. Kila walikopelekwa, waliihubiri.