Vistari Viwili Juu ya v

Washa jiko la gesi gizani, uutazame mwali. Rangi ile ya samawati iliyochanganyika na kijani hutoka kwa sehemu katika molekuli za atomi mbili za kaboni, zinazozaliwa na kufa ndani ya moto. Mwaka 1857 Mskoti William Swan aliupitisha mwanga wa miali ya namna hiyo kwenye mche wa kioo, akaukuta umejipanga katika bendi. Mpaka leo zinaitwa bendi za Swan.

Miaka ya 1880 Mfaransa Henri Deslandres aligundua kwamba bendi za molekuli hupangika kwenye jedwali. Sababu ilijulikana baadaye: kila bendi ni hatua kati ya ngazi mbili za mtetemo, moja katika hali ya juu ya elektroni, nyingine katika hali ya chini. Ndiyo maana bendi moja inahitaji namba mbili. Namba ya ngazi huandikwa v: yenye kistari kimoja, v′, ni ya juu. Yenye viwili, v″, ni ya chini. Ya juu huandikwa kwanza, mwanga uwe umemezwa au umetolewa. Mwelekeo huachiwa mshale. Kwa hiyo bendi ya kijani ya Swan, karibu nanomita 516, ni (0,0), na ya samawati, karibu 474, ni (1,0).

Lakini hiyo sifuri ni nini? Hapa ndipo penye utamu wa historia hii. Mwaka 1924 Robert Mulliken, akiwa Harvard, alilinganisha bendi za oksidi ya boroni, boroni ya uzito wa 10 na ya 11. Kama ngazi ya chini kabisa ingekuwa utulivu mtupu, bendi za mwanzo za molekuli hizo mbili zingekaribia kulingana. Hazikulingana. Hesabu ilikubali pale tu kila v ilipoongezwa nusu: molekuli hutetema hata kwenye sifuri. Alifika hapo kabla mwanafizikia Heisenberg hajachapisha nadharia yake ya kwanta mwaka 1925.

Mulliken huyohuyo alichapisha mwaka 1930 ripoti ya kusawazisha alama za molekuli za atomi mbili. Ya molekuli kubwa zaidi ilifuata mwaka 1955.

Molekuli hizo kubwa ni kazi nyingine kabisa. Benzeni ina atomi 12 na njia 30 za kutetema. Bendi yake mashuhuri, karibu nanomita 259, huandikwa 6¹₀: mtetemo namba 6, ukiwa ngazi ya 1 katika hali ya juu na ya 0 katika hali ya chini. Juu kwa juu, chini kwa chini. Sijaona alama inayosema mengi hivyo kwa wino mchache. Ila 6 hiyo ni ya mpangilio wa namba wa E. B. Wilson wa mwaka 1934. Kwa mpangilio wa Gerhard Herzberg, mtetemo uleule ni namba 18, na yote miwili imo vitabuni. Mwanafunzi wa benzeni huanza kwa kuuliza mwandishi anamfuata nani.