Ulezi wa Mara na Madai ya Mabara Mawili

Katika vilima vya Tarime na mbuga za Serengeti, mkoani Mara, Tanzania, ulezi ulilimwa, ukapikwa na kuwekwa akiba vizazi vingi kabla ya msomi yeyote kuuliza ulikotoka. Swali hilo liliulizwa Ulaya, na jibu la kwanza lililovuma liliinyima Afrika haki yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1880, mtaalamu wa mimea wa Uswisi, Alphonse de Candolle, alichapisha kitabu chake mashuhuri kuhusu asili ya mazao ya dunia. Humo alielekeza asili ya ulezi India.

Alikuwa na sababu. Wanasayansi wa Ulaya waliufahamu ulezi kwanza kutoka Asia, na India ulikolimwa kwa wingi kulikuwa na gugu linalofanana nao sana, Eleusine indica. Ilionekana dhahiri kwamba gugu hilo ndilo mzazi wake. Mashamba ya Waikoma, Wangoreme, Wanata na Wakurya wa Mara hayakuwamo katika hesabu hiyo.

Lakini ulezi ulikuwa na makao ya zamani pande zote mbili za Mto Mara. Kaskazini ya mto ni Tarime, yenye miinuko inayopita mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kwenye ardhi za koo za Kikurya kama Watimbaru, Wanyabasi, Wairegi na Wanchari. Kusini ni Wilaya ya Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu. Huku na huko, unga wa ulezi ulitoa uji na ugali wa kahawia, na kimea chake kikatoa togwa na pombe ambayo wazee waliivuta kwa mirija kutoka chungu kimoja. Wavunaji walikata masuke kwa kisu kidogo, suke moja moja, kisha yakaanikwa, yakapurwa na kupepetwa. Punje zake ndogo hazishambuliwi sana na wadudu, hivyo zikihifadhiwa vizuri hukaa miaka mingi. Kwa jamii zinazoishi kwa mvua isiyotabirika, kihenge chenye ulezi kilikuwa kinga dhidi ya njaa.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa palizi. Ulezi mchanga hufanana mno na nyasi za ukoo wake zinazoota katikati yake, na anayepalilia lazima awe na jicho kali ili asing'oe zao akaacha gugu. Ukweli kuhusu asili ya ulezi ulikuja kupatikana kwenye nyasi hizohizo.

Wataalamu wa karne ya 20 walipohesabu kromosomu, waliona kwamba Eleusine indica ina 18, ilhali ulezi una 36. Gugu la India peke yake halikutosha kuwa mzazi. Hata hivyo, katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Ethiopia hadi Uganda na kuendelea kusini, huota jamaa mwingine wa porini, Eleusine africana, mwenye kromosomu 36. Huyu huzaana na ulezi wa shambani bila shida. Mwaka 1976, wanabotania Khidir Hilu na J. M. J. de Wet walichapisha utafiti uliotia uzito hoja hii: ulezi ulianza kulimwa Afrika Mashariki, kisha ukavuka bahari kwenda India.

Hapo ugomvi ulitoka kwa wanabotania ukaingia kwa wanaakiolojia. Huko Gobedra, karibu na Aksum nchini Ethiopia, David Phillipson alichimbua punje za ulezi ambazo tabaka la udongo liliashiria kuwa na umri wa miaka 5,000 hivi. Habari hiyo ilifurahisha waliokuwa upande wa Afrika. Baadaye punje zenyewe zilipimwa, ikabainika kwamba ni changa kwa maelfu ya miaka kuliko tabaka hilo, kwa kuwa zilikuwa zimeporomoka kutoka juu. Upande wa India nao haukusalimika. Mwanaakiolojia Dorian Fuller alipozichunguza upya punje za kale zilizodaiwa kuwa ulezi, aliona kwamba nyingi zilikuwa nafaka nyingine ndogo zilizotambuliwa vibaya.

Mabishano ya namna hii yamezikumba hata tambi. Wapo wanaoamini kwamba Marco Polo ndiye aliyezileta Italia kutoka China aliporejea mwaka 1295, ilhali mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi alikuwa ameshaandika kuhusu tambi kavu zilizotengenezwa Trabia, Sicily, na kusafirishwa kwa meli. Mwaka 2005 jarida la Nature likatangaza bakuli la tambi lenye umri wa miaka 4,000 kutoka Lajia, China. Waliolichunguza walisema tambi hizo zilitengenezwa kwa nafaka ndogondogo, si kwa ngano. Wakosoaji wakauliza unga wa nafaka hizo ungevutwaje ukawa uzi mrefu bila kukatika. Mpishi wa Tarime angeielewa hoja hiyo mara moja: unga wa ulezi hauna mnato wa ngano, na wengi huuchanganya na wa muhogo ili ugali ushikane.

Mwaka 2024 ushahidi ulisogea karibu na Mara. Timu ya watafiti iliyowashirikisha Emmanuel Ndiema, Natalie Mueller na Steven Goldstein ilichapisha matokeo ya uchimbaji katika pango la Kakapel, magharibi mwa Kenya, kwenye miguu ya Mlima Elgon. Udongo wa pangoni ulitiwa majini, na mbegu zilizoungua zamani zikaelea juu. Kunde zilionekana kuwapo miaka 2,300 iliyopita. Za ulezi zilikuwa mamia, zikiwa na umri usiopungua miaka 1,000.

Mlima Elgon unatajwa pia katika simulizi za Wakurya, zinazoeleza kwamba wahenga wao walitoka Misri, mahali ambapo wanahistoria wengi wanapaweka kaskazini ya mlima huo badala ya kwenye bonde la Nili. Simulizi hizo hazithibitishi kwamba waliokula ulezi Kakapel ndio wazazi wa Watimbaru. Kuhusu nani aliyeufikisha ulezi kusini, mwanahistoria Christopher Ehret alitumia lugha kudai kwamba Wabantu wa mashariki walijifunza kilimo cha nafaka kutoka kwa majirani zao wa Kinilo-Sahara na Kikushi. Huko Serengeti, masimulizi ya Wanata yaliyochapishwa na mwanahistoria Jan Bender Shetler yanaanza na mwindaji mwanamume anayekutana na mkulima mwanamke. Hoja ya Ehret na masimulizi hayo yanaonyesha jamii iliyozaliwa kwa watu wenye ujuzi tofauti kukutana.

Leo ugali wa Mara ni zaidi wa mahindi, muhogo na mtama. Mahindi yalitoka Mexico na muhogo Amerika ya Kusini. Ulezi, wenye jamaa wa porini papa hapa, umebaki kwenye uji wa watoto na wazazi waliojifungua, na gramu 100 zake hutoa takribani miligramu 340 za kalisi. Umoja wa Mataifa ulipoufanya mwaka 2023 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa nafaka ndogondogo kama ulezi, pendekezo lilitoka India, nchi inayolima ulezi kwa wingi na kuuenzi.

Mara nayo inastahili kusikika katika historia hii. Ng'ambo ya mpaka, katika Kaunti ya Migori, maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Upande wa Tanzania nako, udongo wa mahame ya Ngoreme na ya vilima vya Tarime ungechujwa kwa maji kama ule wa Kakapel, huku aina za ulezi zikiandikwa pamoja na maarifa ya wanawake wanaozichagua kwa ajili ya mbegu, wilaya hizi mbili zingekuwa na punje zao zenye umri uliopimwa na jina la shamba zilikotoka.