Pete ya Rangi Mbili na Asili Yake Katika Upanga

Pete ya ndoa yenye michirizi ya dhahabu na fedha ina nasaba ya upanga. Huko Akita, Japani, Shoami Denbei (1651–1728), anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa ufundi uitwao mokume-gane, aliunganisha mabamba ya dhahabu, fedha na shaba kwa moto na shinikizo, kisha akayachonga na kuyafua hata yakatoa michirizi kama ya ubao. Mapambo hayo yalitiwa katika panga za samurai. Mwaka 1876 serikali iliwakataza raia kuchukua panga hadharani. Mafundi wengi wakakosa kazi, na ujuzi wao ukakaribia kupotea. Masonara wa leo wameuhamishia katika pete. Yatubainikia basi kwamba ufundi hudumu upatapo matumizi mapya.