Kumpiga Mwalimu Msasa: Mafunzo ya Hisabati, Sayansi na Mazingira Katika Kibaha na Kisarawe

Mti uitwao msasa wajulikana tangu zamani. Majani yake hukwaruza, na mafundi seremala waliyatumia kulainishia mbao kabla ya kuenea karatasi za msasa ziuzwazo madukani. Kutokana na mti huo Watanzania wamepata msemo wa kumpiga mtu msasa, yaani kumpatia mwenye kazi yake mafunzo mapya ili ujuzi wake usichakae. Neno warsha nalo latoka katika Kiarabu, na maana yake huko ni karakana. Maneno yote mawili yashuhudia jambo moja: kwamba mafunzo ya namna hii ni kazi ya mikono, wala si hotuba ya kusikilizwa tu. Wilaya za Kibaha na Kisarawe, zilizo jirani na Dar es Salaam, ni mahali pafaapo kulipima jambo hilo kwa walimu wa hisabati na sayansi.

Elimu si ngeni katika sehemu hizo. Mwaka 1925 Misheni ya UMCA ilikihamisha Chuo cha Mtakatifu Andrea kutoka Kiungani, Unguja, kikaja Minaki, Kisarawe, nacho kikalea walimu wengi. Katika vilima vya Pugu, Julius Nyerere alifundisha hata mwaka 1955 alipojiuzulu kwa ajili ya siasa. Kisha mwaka 1963 ulianzishwa mradi wa Kibaha kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden, na tarehe 10 Januari 1970 ukakabidhiwa serikali ya Tanzania. Shule ya sekondari, chuo cha wakulima na kituo cha afya viliwekwa mahali pamoja, kwa nia ya kupigana na ujinga, maradhi na umaskini. Neno mazingira halikuwa bado likitumiwa na walimu kama litumiwavyo leo, lakini fikra yenyewe ilikuwapo, kwamba somo la darasani lina undugu na shamba na afya ya watu.

Miaka hiyo hiyo walimu wa Afrika walianza kukutanishwa kwa warsha kubwa. Kuanzia mwaka 1962 wataalamu wa Afrika, Uingereza na Marekani walikusanyika Entebbe, Uganda, wakatunga vitabu vya hisabati mpya. Vitabu hivyo vilikuwa kwa Kiingereza, na mwalimu aliyevipokea alipokea majibu yaliyokwisha kutengenezwa. Katikati ya miaka ya 1960 ukafuata Mpango wa Sayansi ya Shule za Msingi za Afrika, uliokuwa na njia nyingine. Kitabu chake kimoja kiliwataka watoto wamchunguze mdudu mdogo achimbaye vishimo katika mchanga mkavu ili kuwanasa sisimizi. Badala ya kuambiwa habari zake, walitakiwa wamwulize mdudu mwenyewe kwa kumjaribu. Mdudu huyo haagizwi kutoka ng'ambo. Mchanga mkavu ulio chini ya upenu wa darasa watosha.

Mwezi wa Machi 1967 Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka huo huo Kiswahili kikafanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi. Miaka kumi baadaye, Oktoba 1977, mkutano wa Tbilisi ulioitishwa na UNESCO ukahimiza kwamba elimu ya mazingira iingizwe katika masomo yote. Kwa Kiswahili agizo hilo lilipata neno la wazi. Mazingira yatokana na kitenzi zingira, kuzunguka pande zote. Mtoto hahitaji kamusi ili afahamu kwamba yeye mwenyewe yumo katikati. Vivyo hivyo mmomonyoko: aliyeona ukingo wa mto ukimomonyoka amekwisha kulijua nusu ya somo.

Na yawazingirayo watu wa Kibaha na Kisarawe yana uzito. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukapita katikati ya Dar es Salaam hata baharini. Na mafuriko ya Desemba 2011 yaliwakumbusha wakazi wa mabondeni kwamba maji hayajui mipaka ya wilaya. Maji ya Ruvu husafishwa Mlandizi, Kibaha, katika mtambo uliojengwa mwaka 1959, yakapelekwa mjini. Misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, makao ya komba mdogo wa Rondo aliye katika hatari ya kutoweka, imekatwa kwa miaka mingi ili mji upate mkaa.

Hapo mwalimu wa hisabati hana haja ya kutafuta mfano mbali. Tanuri la udongo la kienyeji aghalabu hutoa kilo 10 hadi 20 za mkaa kwa kila kilo 100 za kuni. Basi gunia la kilo 50 limekula kilo 250 hadi 500 za mti. Hiyo ni hesabu ya asilimia. Mwalimu wa sayansi aweza kuendelea kwa kueleza sababu ya hasara hiyo, jinsi hewa iingiavyo katika tanuri na jinsi kuni mbichi zipotezavyo joto kwa kukausha maji. Lakini katika darasa hilo huenda yumo mtoto ambaye daftari zake zalipwa kwa mkaa. Mwalimu aliyefundishwa kukariri kwamba kukata miti ni vibaya atamfedhehesha mtoto huyo. Aliyefundishwa kupima atamwuliza ni tanuri lipi lingempa baba yake magunia yale yale kwa miti michache zaidi.

Tatizo lililobaki ni la lugha. Mtoto ajifunzaye mmomonyoko kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukutana na jambo lile lile kwa Kiingereza katika sekondari kana kwamba ni jambo jipya, na mwalimu wake hujikuta kati ya lugha mbili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Kazi ya istilahi, basi, haikukosa kufanywa. Kilichopungua ni istilahi hizo kupita mikononi mwa walimu. Katika Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaitwayo MEWAKA, walimu hukutana katika shule zao wenyewe na katika vituo vya walimu. Hapo ndipo mwalimu wa sekondari na wa msingi wangeweza kukaa meza moja, wakalipima tanuri moja, na kukubaliana juu ya maneno ya kulielezea. Mafunzo yasiyomrudisha mwalimu darasani na swali ambalo wanafunzi wake waweza kulijibu kwa lugha waijuayo hayajampiga msasa. Yamempangusa vumbi tu.